Chumba chenye utulivu melini: mwongozo kwa wasafiri wa Bukoba, Kemondo na Mwanza

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba hutuuliza mara kwa mara kuhusu siku za meli na nauli. Wachache huuliza jambo jingine ambalo kwa maoni yetu lina uzito uleule: nikishapanda nitalala wapi, na je, nitapata usingizi?

Safari ya meli kati ya Bukoba na Mwanza ni ya usiku. Unapanda jioni, unashuka asubuhi. Kwa kijana anayekwenda chuoni, usiku mmoja wa kukesha si hoja. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando ni jambo kubwa, kwa sababu asubuhi hiyohiyo anatakiwa kukaa foleni, kutolewa damu na kumweleza daktari hali yake. Mama mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye presha na mfanyabiashara anayekwenda sokoni na fedha mfukoni wote wanahitaji usiku ulio salama na wenye usingizi.

Katika makala hii tunaeleza kelele za meli zinatoka wapi, sehemu ipi ya meli hutikisika zaidi, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, na kwa nini chumba kizuri lazima kiwe pia chumba unachoweza kutoka haraka.

Kwa ufupi

Kama huna muda wa kusoma yote, shika haya matano:

1. Omba chumba kilicho katikati ya urefu wa meli, si mbele kabisa wala nyuma kabisa.
2. Epuka chumba kilicho juu ya injini, kando ya ngazi, au chini ya sehemu ya vinywaji na televisheni.
3. Nunua tiketi mapema, yenye jina lako. Vyumba huisha kabla ya viti.
4. Ukiingia chumbani, kabla ya kutandika, tafuta njia ya kutokea na jaketi okozi.
5. Chumba chenye utulivu kisicho na njia fupi ya kutokea si chumba kizuri.

Meli tunazozungumzia

Meli ambayo watu wa Kagera wameizoea zaidi ni MV Victoria. Ilitengenezwa na kampuni ya Yarrow ya Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, kisha ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki ilizunguka bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mgeni aliyelipa daraja la kwanza aliweza kulizunguka ziwa kama mtalii, akila mezani na kulala kitandani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ilibaki Tanzania. Baadaye ilichoka, ikasimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Uwezo wake ni abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Nyingine ni MV New Mwanza, awali ikiitwa MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyojengwa jijini Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kubeba abiria 1,200 pamoja na magari.

Hizi ni meli za umma, si za anasa. Lakini duniani kuna meli ndogo za anasa ambazo wageni hulipa fedha nyingi kwa usiku mmoja, na hata humo watu huamka wakilalamikia chumba. Sababu ni ileile ya kwetu: katika meli isiyo kubwa sana, kila kitu kipo karibu na kila kitu. Injini haiwezi kuwekwa mbali, ngazi haziwezi kufichwa, na nanga ipo hatua chache tu kutoka kwenye kitanda cha mtu. Kwa hiyo ukubwa wa nauli haukuhakikishii usingizi. Mahali chumba kilipo ndipo penye jibu.

Unapolipa daraja, unalipia nini?

Kwa mpangilio uliozoeleka katika safari hii, daraja la kwanza ni chumba cha vitanda viwili. Daraja la pili la kulala ni chumba cha watu zaidi, na vitanda vya juu na chini. Daraja la pili la kukaa ni viti. Daraja la tatu ni viti au mabenchi, na wengi hutandika khanga popote penye nafasi. Mpangilio hutofautiana meli na meli, na meli mpya zina madaraja ya ziada, hivyo uliza kwanza.

Kumbuka jambo moja: daraja linakuambia mtalala wangapi chumbani, halikuambii chumba kipo wapi. Vyumba viwili vya daraja moja na nauli moja vinaweza kutofautiana sana. Kimoja kipo katikati ya korido tulivu, kingine kipo ukutani kwa ngazi ambayo watu hupanda na kushuka hadi usiku wa manane. Mmoja wetu hapa redioni aliwahi kulala kwenye chumba cha namna hiyo katika meli moja. Alilipa daraja la kwanza, na hadi alfajiri alikuwa amehesabu viatu vya abiria wote.

Kelele za meli ni za aina mbili

Ukizielewa aina hizi mbili utajua ipi unaweza kuizuia na ipi inafaa kukimbiwa.

Ya kwanza ni kelele ya chuma. Injini kuu na jenereta hutikisa vyuma vya meli, na mtikisiko huo husafiri kupitia sakafu, kuta na fremu ya kitanda. Huusikii kwa masikio tu, unauhisi kwenye mto na kwenye meno. Pamba ya masikioni haiuzuii vizuri, na mlango ukifungwa haupungui. Dawa yake ni umbali: kuwa ghorofa ya juu zaidi ya injini, na mbali na sehemu ya nyuma ambako pangaboi huzunguka chini ya maji.

Ya pili ni kelele ya hewa: mazungumzo, muziki, televisheni, mtoto anayelia, milango inayobamizwa, vyombo vya jikoni. Hii inazuilika. Mlango mzuri, pamba au vizibo vya masikio, na umbali wa vyumba viwili vitatu hupunguza sana.

Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya chumba kilicho juu ya injini na chumba chenye majirani waongeaji, chagua majirani. Hao watachoka na kulala. Injini hailali hadi Mwanza.

Sehemu za kuepuka

Nyuma kabisa, ghorofa za chini. Hapa pana pangaboi, na mara nyingi injini ipo jirani. Meli inapopunguza mwendo kukaribia gati, nahodha hurudisha mashine nyuma na sehemu hii hutetemeka kuliko nyingine zote.

Mbele kabisa. Hapa pana nanga na mnyororo wake. Ikishushwa au kuvutwa, aliyelala karibu huamka akidhani meli imegonga mwamba. Mawimbi nayo hupiga mbele kwanza.

Kando ya ngazi, vyoo na mlango mkuu. Watu hupita hapa usiku kucha. Ni sehemu nzuri kwa mtu anayeamka mara nyingi kwenda msalani, lakini ni mbaya kwa mtu mwenye usingizi mwepesi.

Chini au jirani ya mgahawa na sehemu ya vinywaji. Muziki hushuka kupitia dari, na viti vikivutwa juu ya sakafu ya chuma ni kama vinavutwa juu ya kichwa chako.

Karibu na sehemu ya mizigo. Hili ni muhimu sana kwa safari yetu, kwa sababu ya Kemondo.

Kemondo: kelele unayoweza kuitarajia

Meli inayotoka Bukoba kwenda Mwanza hupita Kemondo kupakia. Hapo ndipo ndizi za Kagera huingia melini, mikungu kwa mikungu, pamoja na mizigo mingine. Wapakiaji huitana, vyuma hugongana, abiria wapya hutafuta vyumba vyao kwa tochi za simu. Aliyepanda Bukoba na kulala mapema ataamshwa hapa kama chumba chake kipo upande wa kupakilia au karibu na mlango.

Ushauri wetu kwa anayepanda Bukoba ni huu: usijilazimishe kulala kabla ya Kemondo. Kula, sali, ongea na jamaa zako, panga vitu vyako. Meli ikishaondoka Kemondo ndipo usiku wa kweli unaanza.

Kwa watu wa Muleba hali ni tofauti. Anayetoka Muleba mjini, Nshamba au Kamachumu, Kemondo ipo njiani kabla ya kufika Bukoba, kwa hiyo wengi hupandia hapo na kuokoa nauli ya gari. Lakini wanapanda wakati wa Bukoba wameshachagua viti. Kama huna chumba kilichoandikwa kwenye tiketi, utapata kilichobaki. Mgonjwa wa Muleba asipelekwe Kemondo kwa matumaini ya kupata kitanda hapohapo. Hakikisha tiketi ya kulala imeshalipiwa kabla ya kutoka nyumbani.

Wakati wa kurudi kutoka Mwanza, meli hufika Kemondo kabla ya Bukoba. Kama unashukia Kemondo, waambie wahudumu mapema na uweke kengele ya simu. Ukipitiliza, utalipa nauli ya gari kurudi nyuma.

Mtikisiko: kumbuka mtumbwi

Mvuvi wa Bumbire au Goziba hahitaji mwalimu kwa jambo hili. Mtumbwi ukikutana na wimbi, aliyekaa mbele hurushwa juu, aliyekaa nyuma hushushwa chini, na aliyekaa katikati hutikisika kidogo tu. Meli ni vilevile. Katikati ya urefu wake ndipo pametulia. Na kadiri unavyopanda ghorofa za juu, ndivyo unavyoyumba zaidi kulia na kushoto, kama mtu aliyepanda juu ya mti wakati wa upepo.

Hapo unaona mgongano. Ukikimbia kelele ya injini unapanda juu, ukikimbia kuyumba unashuka chini. Kwa abiria wengi suluhisho ni ghorofa ya kati, katikati ya urefu wa meli. Mtu anayetapika safarini aelekee chini kidogo kuliko mwenzake anayesumbuliwa na kelele.

Majira nayo yana nafasi yake. Ziwa Victoria lina tabia ya kufanya radi na mvua usiku kuliko mchana, hasa kuelekea alfajiri, na upande wetu wa magharibi hupata mvua nyingi. Miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, tarajia radi na mvua. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huweza kuinua mawimbi hata anga ikiwa safi. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusafiri. Tahadhari ikitolewa na safari yako si ya haraka, kusubiri safari inayofuata si woga.

Anayejua kwamba hutapika ale chakula chepesi, asipande na njaa wala na tumbo lililoshiba sana, alale chali na kichwa kisichezecheze. Dawa za kuzuia kutapika hufanya kazi zikimezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Mgonjwa mwenye dawa nyingine amuulize kwanza daktari au mfamasia wake.

Utulivu usikufungie

Hatuwezi kuandika kuhusu vyumba vya meli katika njia hii bila kuitaja MV Bukoba. Iliondoka Bukoba jioni, ikapita Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, lakini ilikuwa imebeba wengi zaidi. Waliokuwa wamenasa ndani walisikika wakigonga chuma. Ulipotobolewa mwili wa meli ili kuwafikia, hewa iliyokuwa imeishikilia ilitoka na meli ikazama. Idadi kamili ya waliokufa haijawahi kujulikana, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Makadirio yanayotajwa zaidi ni zaidi ya watu 800. Familia nyingi za Kagera hazina haja ya kukumbushwa.

Tunatoa hapo mafunzo mawili yanayohusu makala hii.

La kwanza ni jina lako. Nunua tiketi iliyoandikwa jina kamili, na usikubali kupanda kwa tiketi ya mtu mwingine hata ukiambiwa ina kitanda kizuri. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia watu wa uokoaji watafute wangapi, na ndiyo inayoiambia familia yako ukweli.

La pili ni njia ya kutokea. Chumba cha ndani kabisa, mwisho wa korido, chini, huenda kikawa kimya kuliko vyote. Lakini hesabu: kutoka kitandani hadi sitaha ya wazi ni milango mingapi, ngazi ngapi? Mtu asiyeweza kupanda ngazi peke yake asilazwe ghorofa ya chini kwa sababu tu hakuna kelele. Ni heri asikie muziki kidogo akiwa hatua chache kutoka nje.

Ukiingia chumbani fanya haya kwa dakika tano: tembea mwenyewe hadi sitaha na kurudi, ukihesabu milango kwa mkono. Tafuta jaketi okozi na ulivae mara moja kwa majaribio. Uliza kama kuna la saizi ya mtoto. Usizibe korido kwa mizigo, na wala usikubali mlango wa kutokea uzibwe na mikungu ya mwenzako. Ishara ya dharura melini ni milio mifupi saba au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Ukiisikia, acha mizigo, vaa jaketi, nenda sitaha.

Usalama wa vyombo vya majini nchini husimamiwa na TASAC. Ukiona meli imezidisha watu au mizigo, una haki ya kutopanda na kutoa taarifa.

Maswali ya kuuliza dirishani

Anayekata tiketi anajua meli kuliko wewe. Msalimie, mweleze hali yako, kisha uliza bila aibu:

"Shikamoo mama, nasafiri na mgonjwa. Chumba hiki kipo ghorofa ya ngapi?"
"Kipo mbele, katikati au nyuma?"
"Injini ipo upande gani?"
"Jirani yake ni nini: ngazi, choo, jiko au mgahawa?"
"Juu yake kuna nini?"
"Tutalala wangapi, na je, wanawake na wanaume wanatenganishwa?"
"Kitanda cha chini kinaweza kuandikwa kwa ajili ya mgonjwa?"

Akikujibu kwamba vyumba vyote ni sawa, usibishane. Muulize yeye angemlaza mama yake wapi. Mara nyingi hapo ndipo jibu la kweli hutoka.

Lipa kwa utaratibu rasmi, pata tiketi, na soma jina, tarehe na namba ya chumba kabla ya kuondoka dirishani. Wanaozunguka bandarini wakidai wana vitanda vya kuuza, waache. Kuelekea Krismasi na mwaka mpya, wakati Wahaya wa mijini wanaporudi nyumbani, na siku za kufungua na kufunga shule, vyumba huisha mapema. Nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja ukiweza.

Ukikosa chumba

Si kila mtu anamudu chumba, na si kila siku kinapatikana. Ukiwa wa kukaa, panda mapema na utafute kiti cha katikati ya meli, mbali na mlango, televisheni na spika. Kaa karibu na familia badala ya kikundi cha vijana wenye safari ya furaha. Beba shuka zito au sweta, maana ziwani usiku kuna baridi hata kama Bukoba ilikuwa na joto mchana. Beba pia pamba ya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Fedha na vyeti vya hospitali vikae mwilini, si kwenye begi chini ya kiti.

Kama mgonjwa hawezi kabisa kukaa usiku kucha na chumba hakipo, fikirieni barabara. Kutoka Muleba, basi hupita Biharamulo, Chato na Geita, na tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Lakini mwenye mgongo, mshono mpya au mimba kubwa huenda akaumia zaidi kwenye kiti cha basi kuliko kwenye kitanda cha meli. Hilo muulizeni anayewapa rufaa.

Neno la mwisho

Utulivu melini hupatikana dirishani, siku unapokata tiketi, kwa maswali machache na uvumilivu kidogo. Ukishapanda, kilichobaki ni kuzoea ulichopewa. Basi mwenye mgonjwa, mzee au mtoto wa kusafirisha asiulize nauli na saa ya kuondoka tu. Aulize na mahali kitanda kilipo, na umbali wa kutoka kitandani hapo hadi hewani.

Ratiba na nauli hubadilika, hivyo zithibitishe bandarini Bukoba au Kemondo kabla ya kufunga safari. Tunawatakia safari njema.